Deni la Baba: Hisia za Wanaume Mashoga kuhusu Kuwa Wazazi katika Torch Song Trilogy na The Kid

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kazi mbili za Kimarekani, yaani tamthilia ya Harvey Fierstein iitwayo Torch Song Trilogy na tawasifu ya Dan Savage iitwayo The Kid (1999), zinavyosawiri hisia za mwanaume shoga anayekaribia kuwa mzazi. Mara nyingi kazi za aina hii husomwa kama hoja za kudai haki: mhusika huwekwa kizimbani na msomaji hugeuzwa hakimu. Makala yanadai kuwa nguvu ya kazi hizi mbili haimo katika utetezi huo, bali katika hisia ya kudaiwa. Mhusika anadaiwa madeni mawili. La kwanza ni deni la uongo, analobambikiwa na jamii inayomtaka athibitishe kwanza kuwa anastahili mtoto. La pili ni deni la kweli, analodaiwa na mtu ambaye hasara yake ndiyo iliyomfungulia mlango wa uzazi. Hitimisho ni kwamba kazi hizi hukomaa pale zinapoyatofautisha madeni hayo, na hudhoofika pale zinapoyachanganya.

1. Utangulizi

Kiswahili kinatenganisha kuzaa na kulea, na kwa hiyo kinatenganisha mzazi na mlezi. Methali isemayo “Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana” inaegemeza mizani upande wa mlezi. Lakini methali nyingine, “Uchungu wa mwana aujuaye mzazi,” inairudisha mizani hiyo kwa aliyezaa. Neno uchungu lenyewe lina pande mbili: ni maumivu ya mwili wakati wa kujifungua, na ni maumivu ya moyo kwa ajili ya mtoto. Mwanaume asiye na mke, asiyetarajia kuwa naye, na anayetaka mtoto, anasimama katikati ya methali hizo mbili. Yuko tayari kwa kazi ya kulea, ila anaulizwa, na mara nyingi anajiuliza mwenyewe, anajua nini kuhusu uchungu.

Istilahi “wanaume mashoga” inatumika katika makala haya kwa maana ya wanaume wanaopenda wanaume wenzao kimapenzi, bila kejeli wala dharau. Inafaa kukumbuka kwamba neno shoga, katika matumizi ya pwani, ni neno ambalo wanawake huitana kwa urafiki. Maana inayohusu wanaume imeota kando ya maana hiyo, na mara nyingi hubeba mzaha ambao uhakiki hauna budi kuuepuka. Neno “kuasili” linatumika kwa mtoto anayefanywa kuwa wa mlezi kisheria, na “ulezi wa muda” kwa mtoto anayekabidhiwa mlezi na mamlaka za ustawi wa jamii kabla ya hatua hiyo.

Muktadha wa kihistoria wa kazi hizi unahitaji kutajwa kwa ufupi. Mwaka 1977 jimbo la Florida lilipitisha sheria iliyowazuia mashoga kuasili watoto, katika mwaka uleule ambao mwimbaji Anita Bryant aliongoza kampeni dhidi ya haki zao katika wilaya ya Dade, kwa madai kwamba watoto walihitaji kukingwa. Sheria hiyo ilidumu hadi 2010, ilipoangushwa mahakamani. Sehemu tatu za tamthilia ya Fierstein zilionyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York mwaka 1978 na 1979, wakati kampeni ile ikiwa bado mbichi. Zilipounganishwa ziliingia Broadway mwaka 1982, zikapata tuzo ya Tony ya tamthilia bora mwaka 1983, kisha zikawa filamu mwaka 1988. Tawasifu ya Savage ilitoka mwaka 1999, wakati hakuna jimbo hata moja la Marekani lililoruhusu ndoa za jinsia moja. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani uliozihalalisha nchini kote ulikuja mwaka 2015. Wahusika wa kazi zote mbili, basi, wanatamani mtoto katika nchi ambayo haijawatambua kuwa wanandoa.

2. Mitazamo Miwili ya Kihakiki

Uhakiki na utafiti kuhusu suala hili umegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unautazama uzazi wa mashoga kama upanuzi wa maana ya familia. Kath Weston, katika Families We Choose (1991), alichunguza namna mashoga na wanawake wanaopenda wanawake katika eneo la San Francisco walivyounda udugu usiotegemea damu. Ellen Lewin, katika Gay Fatherhood (2009), alikusanya masimulizi ya akina baba mashoga na kuonyesha jinsi wanavyouelezea ubaba kwa lugha ya maadili na wajibu.

Upande wa pili unawakilishwa na Lee Edelman katika No Future (2004). Kwa Edelman, taswira ya Mtoto ndiyo fimbo inayotumiwa na siasa kuwachapia wote wasiozaa, kwa hiyo shoga anayeikimbilia taswira hiyo anaikumbatia fimbo iliyomchapa.

Mitazamo yote miwili ina mafunzo, lakini ina upungufu unaofanana. Wa kwanza unauliza iwapo familia hizi ni halali. Wa pili unauliza iwapo tamaa ya kuwa na familia ni usaliti. Yote miwili inatoa hukumu kuhusu tendo kabla ya kuisoma hisia. Mhusika wa fasihi hafikii uzazi akiwa na msimamo uliokamilika. Anaufikia akiwa na hofu, aibu, wivu, huzuni na furaha isiyojua pa kukaa. Makala haya yanaanza na hisia hizo, na yanapendekeza kuwa kiini chake ni deni.

3. Mjane na Mtoto: Torch Song Trilogy

Mhusika mkuu wa tamthilia ya Fierstein ni Arnold Beckoff, Myahudi wa New York anayejipatia riziki kwa kuimba jukwaani akiwa amevaa mavazi ya kike. Katika sehemu ya kwanza anampenda Ed, mwanaume anayevutwa na wanaume na wanawake, naye Ed anamwacha kwa ajili ya mwanamke. Katika sehemu ya pili Arnold yuko na Alan, kijana mwanamitindo. Sehemu ya tatu inapofunguliwa Alan ameshakufa, kwa kupigwa na vijana waliomshambulia kwa sababu ya ushoga wake, na nyumbani kwa Arnold kuna David, mvulana wa miaka 15 aliye katika ulezi wa muda, ambaye Arnold anakusudia kumwasili.

Kichwa cha sehemu hiyo ya tatu, Widows and Children First!, kinacheza na amri ya mabaharia ya kuwaokoa kwanza wanawake na watoto meli inapozama. Mahali pa wanawake pamewekwa wajane. Mabadiliko hayo ya neno moja yanabeba dhamira nzima: meli imekwisha kuzama, na wanaotafuta boti ni mjane na mtoto, wakiwa pamoja. David hakuja kuujaza utupu wa nyumba yenye furaha. Kumchukua mtoto ulikuwa mpango wa wawili, nao umetimizwa na mmoja. Kila jambo dogo ambalo Arnold analifanya kama mzazi, kuanzia kifungua kinywa hadi maswali kuhusu ugomvi wa shuleni, linafanywa mbele ya kiti kitupu cha mtu aliyepaswa kulifanya pamoja naye. Wahenga walisema, “Kukopa harusi, kulipa matanga.” Katika nyumba hii harusi na matanga vimeingia kwa mlango mmoja.

Mgogoro unafikia kilele mama yake Arnold anapowasili kutoka Florida. Mtazamaji wa mwaka 1979 hakuhitaji kukumbushwa habari za jimbo hilo. Mama anagundua kuwa mvulana aliyemwona nyumbani ni mtoto wa kulea, na swali lake la kwanza ni lile lililoulizwa na nchi nzima: mtu kama mwanawe atamfunza nini mtoto? Jibu la Arnold, kwamba David mwenyewe ni shoga na ndiyo sababu amekabidhiwa kwake, linaizima hoja lakini haliumalizi ugomvi, kwa sababu ugomvi wenyewe haukuhusu hoja hiyo. Unahusu matanga. Arnold anaulinganisha ujane wake na ujane wa mama yake, na mama, aliyemzika mume wa miaka mingi, anauona ulinganisho huo kuwa tusi. Katika filamu ya 1988 ugomvi huu unawashwa makaburini, mahali ambapo kaburi la Alan na la baba yake Arnold yako karibu. Anayenyimwa haki ya kulia ndiye huyohuyo anayenyimwa haki ya kulea, na kwa sababu ileile: upendo wake hauhesabiwi kuwa upendo kamili.

Katika hasira yake Arnold anatoa tamko ambalo watazamaji wengi wamelipokea kama kilele cha heshima yake. Anasema amejifunza kazi zote za nyumbani, za kike na za kiume, ili asilazimike kumwomba mtu yeyote kitu chochote isipokuwa upendo na heshima, na asiyeweza kumpa hivyo viwili hana nafasi maishani mwake. Kwa mtazamo wa deni, tamko hili linasomeka kwa namna nyingine. Ni kauli ya mtu anayejitangazia kuwa hana deni kwa yeyote. Ni jibu sahihi kwa deni la uongo, kwa sababu jamii iliyomnyima kila kitu haina la kumdai. Hata hivyo ni jibu pungufu kwa mzazi mtarajiwa, kwani hakuna awezaye kulea bila kukopa: subira kutoka kwa waliomlea, maneno ya kufariji aliyoyasikia utotoni, hata vyakula na mizaha ya nyumba aliyokulia.

Fierstein analijua hilo. Kabla ya kuondoka, mama anamweleza mwanawe kwamba maumivu ya kufiwa hayaondoki, bali mtu huzoea kuishi nayo. Hajakubali ushoga wa mwanawe, wala hajambariki David. Lakini katika maneno hayo amezungumza na Arnold kama mjane anavyozungumza na mjane, na Arnold, aliyetangaza kutohitaji kitu, anapokea. Ni hapa, na si katika lile tamko kali, ndipo mtazamaji anapomwona kwa mara ya kwanza kuwa mzazi: amekubali kuwa mtoto wa mtu. Kwa kukataa kuuhitimisha mchezo kwa upatanisho kamili, mtunzi ameacha deni likiwa wazi, na uwazi huo ndio uaminifu wake.

4. Chozi la Mwingine: The Kid

Miaka 20 inatenganisha sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyo na kitabu cha Savage. Katikati yake ulizuka UKIMWI, uliotambuliwa Marekani mwaka 1981, na kizazi kizima cha wanaume mashoga kikajifunza kuuguza na kuzika. Savage, mwandishi wa safu ya ushauri wa mapenzi katika gazeti la Seattle, anasimulia jinsi yeye na mwenzake walivyoamua kutafuta mtoto, wakajadiliana kwanza na marafiki wa kike kuhusu kuzaa na kulea kwa ushirikiano, kisha wakaelekea kwenye wakala wa kuasili watoto mjini Portland, Oregon. Wakala huo ulifuata utaratibu wa kuasili kwa uwazi: mwanamke mjamzito ndiye anayewachagua wazazi walezi, naye hubaki na uhusiano na mtoto baada ya kumkabidhi.

Toni ya kitabu ni ya mzaha, na mzaha huo ni mkali. Lakini chini yake msimulizi anafanya jambo adimu katika masimulizi ya aina hii: anakiri kuwa nia zake za kutaka mtoto si safi. Zimo hamu ya kulea, hofu ya kuzeeka na uchovu wa maisha ya ujana, na, jambo ambalo mtetezi wa haki angelificha, mna ndani yake hata hesabu kwamba mtoto ataleta habari ya kuandika. Ungamo hili ni pigo kwa deni la uongo. Wanaozaa kwa njia ya kawaida hawaulizwi nia zao zilikuwa zipi. Msimulizi anakataa kujifanya malaika ili aruhusiwe kuwa baba.

Katika semina ya maandalizi, wanaume hao wawili wanajikuta kati ya wanandoa wanaoomboleza ugumba. Kwa wanandoa hao kuasili ni mwisho wa safari ndefu ya matumaini yaliyovunjika, ilhali kwa msimulizi na mwenzake ni mwanzo. Tukio hili linachekesha, ila linafichua huzuni ya aina nyingine. Wanaume hawa nao waliomboleza, ila mapema zaidi, katika ujana, siku walipojitambua kuwa mashoga na kudhani kwamba mlango wa uzazi umefungwa. Yalikuwa matanga yasiyo na waombolezaji. Hivyo tumaini la kupata mtoto linapokuja halina ladha ya ushindi tu. Linafukua kitu kilichokwisha kuzikwa, na anayefukua huogopa atakachokikuta.

Utaratibu wa kuchaguliwa unaizidisha hofu hiyo. Kila wanandoa huandika barua na kuambatisha picha, na wanawake wajawazito huzisoma na kuchagua. Ni taswira kamili ya kizimbani: mtu anauza wema wake kwa maneno machache. Msimulizi anatazamia kuwa wa mwisho kuchaguliwa, lakini wanachaguliwa mapema, na anayewachagua ni msichana asiye na makazi, anayeishi mitaani, aliyekunywa pombe katika siku za mwanzo za ujauzito kabla hajajua hali yake. Mizani inapinduka ghafla. Waliokuwa wakihofia kuhukumiwa sasa wanajikuta wakipima: mtoto atakuwa na afya? Je, wakubali? Katika kurasa hizi msimulizi anatambua kuwa hofu anayoihisi kuhusu mama wa mtoto inafanana na hofu ambayo wengine walikuwa nayo kumhusu yeye.

Kilele cha kitabu kipo hospitalini, siku ya kuagana. Wanaume wawili wanaondoka na mtoto mchanga, na msichana aliyemzaa anabaki analia. Hapa mzaha unanyamaza. Msimulizi hajitetei, wala hatoi hoja kuhusu haki za mashoga au kuhusu maisha bora yanayomsubiri mtoto. Anatambua kuwa furaha kuu ya maisha yake imepita juu ya kilio cha mtu mwingine, na kwamba kilio hicho hakikuwa kosa la kurekebishwa. Methali ya uchungu wa mwana inarudi kwa nguvu zote, na mwenye uchungu amekaa kitandani mbele ya macho ya msimulizi.

5. Madeni Mawili

Kwa kuzilinganisha kazi hizi, tofauti ya madeni yaliyotajwa inakuwa bayana. Deni la uongo lina alama tatu. Anayelidai hakukopesha kitu, kiwango chake hakijulikani, na kulilipa hakulimalizi. Arnold hata angekuwa mlezi bora kuliko wote, mama yake angepata swali jingine. Deni la kweli ni kinyume chake. Aliyekopesha anajulikana kwa sura: ni Alan aliyekufa kabla ya kuuona mpango wao ukitimia, ni mama aliyempa Arnold maneno ya kuishi nayo, ni msichana wa Portland.

Kiswahili husema dawa ya deni kulipa. Kazi hizi zinaonyesha mpaka wa methali hiyo. Chozi la mama aliyemkabidhi mwanawe halilipiki, na kila jaribio la kulilipa, kwa fedha au kwa shukrani nyingi, lingelishusha hadhi. Kinachobaki ni kulikiri na kulea huku ukilikumbuka. Utaratibu wa kuasili kwa uwazi, unaompa mama mzazi nafasi ya kuendelea kumwona mtoto, unasomeka katika kitabu cha Savage kama umbo la kijamii la ukiri huo: aliyezaa hafutwi ili mlezi aitwe mzazi.

Kazi zote mbili zina udhaifu, na udhaifu huo unajitokeza pale madeni yanapochanganywa. Katika Torch Song Trilogy, David ni mchangamfu na mwenye majibu ya haraka kupita kiasi kwa kijana aliyekwisha kuumizwa na watu wazima. Huzuni yake mwenyewe haipewi nafasi ya kutosha. Mara kwa mara anageuka kuwa ushahidi mbele ya bibi yake mtarajiwa, kielelezo cha kuonyesha kuwa malezi ya Arnold yamefaulu. Katika nyakati hizo mtunzi anamtumia mtoto kulipa deni la uongo, na hapo ndipo hofu ya Edelman inapopata mashiko.

Katika The Kid, udhaifu uko katika sauti. Mama mzazi anaonekana kila mara kwa macho ya msimulizi, na ukimya wake unafasiriwa na mtu anayehitaji kibali chake. Msimulizi anaiona tofauti ya hali baina yao, kwamba yeye ana nyumba na kazi na mwenzake hana hata kitanda, lakini haulizi kwa kina iwapo msichana huyo angemkabidhi mwanawe kama angekuwa na paa. Swali hilo halimhusu shoga peke yake. Linamhusu kila mlezi anayepokea mtoto wa maskini. Kwa kuwa kitabu kimeshughulishwa mno na swali la iwapo mashoga wanafaa kuasili, swali la nani hulazimika kutoa mtoto limepewa nafasi ndogo.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa hisia za wanaume mashoga kuhusu kuwa wazazi, kama zinavyosawiriwa katika kazi hizi mbili, hazitoshi kuelezwa kwa msamiati wa ushindi wala wa usaliti. Mzazi mtarajiwa anafika mlangoni akiwa ameomboleza. Arnold ameomboleza mwenzi, na msimulizi wa Savage ameomboleza watoto ambao alijiaminisha mapema kuwa hatawapata. Kinachowageuza kuwa wazazi si kushinda kesi bali kujua wanamdai nani na wanadaiwa na nani. Jamii inayowataka wathibitishe ubinadamu wao haiwadai kitu. Aliyewaachia mtoto anawadai, na deni lake halina tarehe ya mwisho.

Matokeo haya yana maana kwa uhakiki wa Kiswahili unaoshughulikia fasihi ya familia kwa jumla. Jozi ya maneno mzazi na mlezi mara nyingi hutumiwa kama ngazi, mmoja juu na mwingine chini. Kazi zilizohakikiwa hapa zinapendekeza kuisoma jozi hiyo kama uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji, ambao wote wawili wana uchungu wao. Siku ile Portland, mlango wa wodi ulipofungwa, uchungu huo ulikuwa pande zote mbili za mlango.